Kutoka Goigoi Hadi Mkorofi: Elementi Kumi Kwenye Mizani

Tuelewane kabla hatujaanza kurushiana maneno. Elementi zinazojulikana ziko 118, na kila moja ina tabia zake. Ipo ambayo ukiimwagia asidi haishtuki, na ipo ambayo ukiionyesha maji tu inalipuka pamoja na chombo chake. Nimezipanga kumi kutoka goigoi hadi mkorofi, kwa haki, bila kupokea rushwa ya elementi yoyote, ingawa dhahabu ilijaribu.

Vigezo ni viwili. Cha kwanza: atomu inataka nini? Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, na kukizunguka kuna elektroni zilizojipanga kwa matabaka. Vurugu zote za kemia hutokea kwenye tabaka la nje. Likijaa, atomu imeridhika. Likiwa na elektroni moja ya ziada, atomu inatafuta pa kuitupa. Likipungukiwa moja, inatafuta wa kumpora. Cha pili: nani amesimama njiani? Hiki ndicho kigezo wanachokisahau wabishi wengi, na ndicho kitakachowafanya mnitukane kuanzia namba nane. Haya, twende.

10. Heli (na neoni, inayojificha nyuma yake)

Heli ina elektroni mbili tu. Tabaka lake la kwanza, ambalo pia ndilo la mwisho, limejaa, na haina shida na mtu. Kuing'oa elektroni moja kunagharimu elektronivolti 24.6, bei ya juu kuliko ya elementi nyingine yoyote. Kipimo chenyewe kisikusumbue. Ishike tu hiyo namba, tutaihitaji huko chini.

Wakemia huzitambua elementi kwa ugomvi zinaoufanya, na heli haikuwahi kugombana. Ndiyo maana ilionekana kwenye jua kabla ya kuonekana duniani: mwaka 1868 wataalamu wa anga waliona mstari wa njano katika mwanga wa jua wasioujua mwenyewe, na ilikuwa hadi 1895 William Ramsay alipoikamata maabarani London, ikitoka kwenye jiwe lenye urani. Sisi huku tulikuwa tumeikalia. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, lina heli nyingi ardhini, iliyozaliwa na urani na thori zinazooza taratibu katika miamba ya kale.

Unataka kubisha kwamba neoni ni goigoi zaidi? Una hoja. Mwaka 2017 wanasayansi waliibana heli pamoja na sodiamu kwa shinikizo linalozidi mara milioni moja la hewa tunayovuta, nayo ikakubali kukaa naye nyumba moja. Neoni hadi leo haijakubali kuunda hata kampaundi moja inayodumu.

Hukumu: imeshiba tangu kuzaliwa. Puto lako la sherehe limejaa kitu kisichojua kama kuna sherehe.

9. Dhahabu

Kiini cha dhahabu kina protoni 79. Zinavuta kwa nguvu kiasi kwamba elektroni za ndani hukimbia kwa kasi inayohitaji hesabu za Einstein, na matokeo yake ni kwamba hata ile ya nje husogezwa karibu na kushikwa kwelikweli. Kuing'oa ni elektronivolti 9.2. Majirani zake wa safu moja hawana bahati hiyo: shaba huota ukijani, fedha huwa nyeusi, huku kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun kikiwa kinang'aa baada ya zaidi ya miaka 3,300.

Lakini kila mwenye staha ana anayemjulia. Mwulize mchimbaji mdogo wa Geita: zebaki inaimeza dhahabu bila kuombwa (na moshi wake, ikichomwa, unamla mchomaji mishipa ya fahamu). Mchanga unaobaki, yaani marudio, nao unapelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, ambako dhahabu huyeyuka kimyakimya kwa msaada wa oksijeni ya hewani.

Kuna na kisa cha Copenhagen, 1940. Majeshi ya Hitler yanaingia mjini, na katika taasisi ya Niels Bohr zimehifadhiwa medali za Nobel za wanafizikia Max von Laue na James Franck, za dhahabu, zenye majina yaliyochongwa. Kuitoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa zito. Mkemia George de Hevesy akachanganya asidi ya naitriki na ya haidrokloriki. Ya naitriki inaipokonya dhahabu elektroni, ya haidrokloriki inaidaka kwa klorini isirudi ilikotoka; kila moja peke yake haiwezi. Medali zikawa maji ya rangi ya chungwa, chupa ikapandishwa rafuni, askari wakapekua na kuondoka. Vita vilipokwisha dhahabu ikarudishwa, na medali zikatengenezwa upya.

Hukumu: tulivu, ila si mtakatifu. Na aliyekuuzia pete ya dhahabu inayokuachia alama ya kijani kidoleni amekuuzia shaba nyingi. Hiyo si kemia tena, ni kesi.

8. Naitrojeni

Hapa ndipo kelele zinapoanza, maana wengi mlitaka iwe namba kumi. Sikilizeni. Atomu moja ya naitrojeni ikiwa peke yake ni mkorofi halisi, inapungukiwa elektroni tatu. Shida ni kwamba huikuti peke yake. Zinatembea mbilimbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuvivunja kunataka kilojuli 945 kwa kila moli. Kwa hiyo imejaza asilimia 78 ya hewa na haifanyi lolote. Ukifungua pakiti ya krispi ukakuta nusu ni upepo, mara nyingi ni naitrojeni hiyo, imewekwa humo kwa sababu haitayachachisha mafuta. Umelipia uvivu wake.

Mahindi ndiyo yanayodhihakiwa zaidi. Yanasimama shambani majani yamepiga manjano kwa njaa ya naitrojeni, na majani yayo hayo yanaogelea ndani ya naitrojeni. Mkulima anakwenda dukani kununua urea. Nyuma ya mfuko ule kuna Fritz Haber, aliyeonyesha mwaka 1909 namna ya kuilazimisha naitrojeni ishikane na haidrojeni, na Carl Bosch aliyelifanya jambo hilo kuwa kiwanda: joto la nyuzi 400 hadi 500, shinikizo la mara 200 hivi la hewa ya kawaida. Haber akapewa Nobel ya 1918. Bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi ya kunde wanafanya kazi ileile kwa joto la udongo, bila bomba wala hotuba Stockholm.

Upande wa pili wa shilingi uko migodini. Ndani ya baruti naitrojeni imetenganishwa kwa nguvu na mwenzake. Ikipata mwanya, atomu zinakimbiliana zifunge tena vile vifungo vitatu, na nishati yote hutoka kwa mpigo.

Hukumu: goigoi hewani, muuaji ndani ya baruti. Atomu ni ileile. Angalia imeshikwa na nani.

7. Chuma na zinki

Chuma hakihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi ya bahari inakiharakishia safari. Kosa lake si kumenyuka na oksijeni. Kosa ni kwamba kutu yake ina vinyweleo na inabanduka, hivyo kila siku kuna chuma kipya kinacholiwa.

Zinki ina haraka zaidi ya chuma kuachia elektroni, na ndiyo maana tumeipaka kwenye mabati: ioze yenyewe kwanza. Hata pale msumari ulipotoboa, zinki ya pembeni inajitoa kwa niaba ya chuma kilicho wazi. Meli nazo hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, ambavyo kazi yao yote duniani ni kuliwa.

Hukumu: zinki mkorofi kidogo kuliko chuma, na zawadi yake ni kufa mapema. Fundi akikuambia "bati ni bati tu", muulize unene wa zinki uone anavyotazama pembeni.

6. Oksijeni

Mashabiki wa oksijeni mnataka namba mbili. Nimewasikia, nimewakatalia.

Ndiyo, kwa kuvuta elektroni za wenzake inazidiwa na elementi moja tu, ambayo tutaifikia. Ndiyo, imekula chuma cha juu hapo, na inawala nyinyi kila mnapopumua. Lakini tazameni gunia la mkaa. Limezungukwa na hewa yenye oksijeni asilimia 21, limekaa stoo miezi, na haliwaki. Unahitaji kibiriti, mafuta ya taa, kipepeo na maneno makali. Kwa nini? Kwa sababu molekuli ya oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, zote zikiwa na mzunguko wa upande mmoja, wakati elektroni za vitu vingi vinavyoungua zimekaa jozijozi kwa mizunguko inayopingana. Sheria za kwanta haziruhusu hao wawili waungane hivihivi. Lazima joto liwasukume.

Husadiki? Ipooze oksijeni hadi nyuzi 183 chini ya sifuri iwe kimiminika. Rangi yake ni ya buluu hafifu, na ukiimimina katikati ya ncha za sumaku yenye nguvu inaning'inia hapo hapo, haidondoki. Zile elektroni mbili zisizo na wenza ndizo zinazovutwa.

Hukumu: mkorofi mwenye breki. Zingekatika, wewe na kiti ulichokalia mngekuwa moshi kabla hujamaliza sentensi hii.

5. Fosforasi nyeupe

Mwaka 1669, Hamburg, bwana mmoja aitwaye Hennig Brand alichemsha mikojo mingi mno akitafuta dhahabu. Hakupata dhahabu. Alipata kitu cheupe kama nta kinachowaka chenyewe gizani, na majirani bila shaka walipata sababu ya kuhama.

Fosforasi nyeupe hushika moto hewani kwa joto la nyuzi 30 hivi. Dar es Salaam mwezi wa Februari hali ya hewa pekee inatosha kuiwasha. Sababu iko kwenye umbo: atomu nne zimebanana katika piramidi ndogo, vifungo vimepindwa hadi pembe za nyuzi 60, na kila kimoja kinatamani kuachia. Chukua atomu zilezile uziunganishe kwa minyororo mirefu, unapata fosforasi nyekundu, inayokaa ubavuni mwa kisanduku cha kibiriti mfukoni mwako na haikudhuru. Elementi moja, tabia mbili. Na ikishashikana na oksijeni kabisa inakuwa fosfati, mawe yanayochimbwa Minjingu mkoani Manyara yakasagwa kuwa mbolea, na hapo unaweza hata kuyalalia.

Kwa maabara, mambo ya kukumbuka ni haya: fosforasi nyeupe huhifadhiwa ndani ya maji isiione hewa, sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta isiyaone maji.

Hukumu: haina njaa kubwa, ina mkao mbaya. Ukibadilisha makopo hayo mawili, huna haja ya kuendelea na orodha.

4. Alumini

Najua. Nimeiona meseji yako kabla hujaiandika. "Alumini ipi? Ile ya sufuria?" Ndiyo, ile ya sufuria.

Alumini ina haraka ya kumenyuka kuliko zinki na kuliko chuma, kwa mbali. Ina elektroni tatu za nje na inazigawa kwa oksijeni kwa furaha isiyo na kiasi. Inazigawa upesi mno: ukiikwaruza, papo hapo oksidi mpya inafunika jeraha, utando mwembamba wa nanomita chache tu, kiasi kwamba ungehitaji kupanga tando kama huo zaidi ya elfu kumi ili ufikie unene wa unywele. Tofauti na kutu, oksidi hii haina vinyweleo na haibanduki. Kwa hiyo kila siku unapika ubwabwa juu ya mkorofi aliyejifungia mwenyewe ndani.

Unaweza kumchungulia jikoni. Sufuria iliyochemshiwa maji kwa muda huwa nyeusi ndani. Pika humo mchuzi wa ukwaju au nyanya nyingi: unapomimina, ndani kumekuwa kweupe, kunang'aa mpaka usawa ule mchuzi ulipofika, utadhani imepitishwa steliwaya. Asidi imelila lile koti la oksidi na alumini mpya imejitokeza na kujivika jingine. Magadi nayo, yale ya kulainishia maharage au kisamvu, yanalila koti hilo kwa upande wa pili, upande wa alkali. Ukipenda sufuria yako idumu, magadi yatie kwa kijiko, si kwa kiganja.

Zebaki ndiyo mchawi wake. Tone moja likiingia kwenye mkwaruzo, koti halishiki tena, na alumini inaanza kuoza mbele ya macho yako, ikiota manyoya meupe. Ndege zimetengenezwa kwa alumini nyingi, ndiyo maana zebaki ina masharti makali kwenye mizigo ya abiria. Mchimbaji wetu wa Geita, hiyo chupa iache nyumbani.

Na akivuliwa koti kabisa? Chukua unga wa alumini, changanya na kutu ya chuma, washa kwa joto la kutosha. Alumini inaipora kutu oksijeni yote, joto linapita nyuzi 2,000, na chuma kinatiririka kama uji mwekundu. Mafundi wa reli wanautumia mchanganyiko huo kuunga vipande vya reli.

Hiyo haraka ndiyo iliyoifanya iwe ghali zamani. Kuing'oa kutoka kwa oksijeni kulikuwa kazi kubwa kiasi kwamba mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington waliuvika kileleni kipande cha alumini kama kito. Miaka miwili baadaye Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, wakagundua njia ya kuichenjua kwa umeme. Wote walizaliwa 1863, na wote walifariki 1914. Hilo halihusiani na kemia, lakini mngeninyima usingizi kama ningeliruka. Hadi leo kilo moja ya alumini mpya inakula uniti 13 hadi 15 za umeme. Hesabu LUKU yako.

Hukumu: mnafiki bora wa jedwali zima. Tena anayekupikia.

3. Sodiamu na potasiamu

Oktoba 1807, London. Humphry Davy anapitisha umeme wa betri kubwa kwenye potashi iliyolowa kidogo, vitone vinavyong'aa vinatokea na kupasuka kwa moto. Inasimuliwa kwamba alirukaruka chumba kizima kwa furaha. Siku chache baadaye akaipata sodiamu.

Sodiamu ni laini, unaikata kwa kisu cha mezani. Ndani inang'aa kama fedha kwa sekunde chache, halafu uso unafifia ukiwa unautazama. Ina elektroni moja tu ya nje, inayong'oka kwa elektronivolti 5.1. Potasiamu ni 4.3. Kwa nini inashuka? Kwa sababu elektroni ya nje ya potasiamu ni kama kijana aliyehama kwa wazazi akapanga chumba mtaa wa mbali: kiini kinamwita, lakini kati yao kuna matabaka matatu ya elektroni nyingine, na sauti haimfikii vizuri. Kadiri unavyoshuka kwenye safu hii ya jedwali, ndivyo kijana anavyopanga mbali zaidi.

Zikitupwa majini, wengi wetu tulifundishwa kwamba mlipuko ni haidrojeni inayoshika moto. Moto wa haidrojeni upo, lakini haukuanza wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Prague na wenzao wa Ujerumani walipiga picha za kasi kubwa wakidondosha aloi ya sodiamu na potasiamu majini. Ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, metali ilichomoza miiba pande zote. Elektroni zilikuwa zimekimbia kuingia majini, atomu zilizoachwa zote zikabaki na chaji chanya, zikasukumana, na tone likajirarua lenyewe.

Halafu nenda Ziwa Natron ukawaangalie heroe. Wamesimama kwenye sodiamu mpaka magotini. Iliyokwisha kutoa elektroni yake haina tena la kupigania.

Hukumu: haraka ya kutoa inatisha sawa na haraka ya kupokea. Ndizi ina potasiamu, ndiyo. Hapana, hailipuki ukinywea maji.

2. Seziamu

Elektronivolti 3.9. Linganisha na 24.6 za heli. Hakuna elementi isiyooza upesi inayoachia elektroni kwa bei ya chini kuliko hii.

Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliigundua 1860, kisha wakakausha zaidi ya lita 40,000 za maji ya chemchemi ya Dürkheim ili kupata gramu chache za chumvi yake. Ina rangi ya dhahabu iliyopauka, inayeyuka kwa nyuzi 28.5, hivyo pwani yetu mchana ingekuwa uji ndani ya kichupa chake cha kioo kilichozibwa. Nje ya kichupa isingekuwa chochote, ingekuwa moto. Hata barafu ya nyuzi 116 chini ya sifuri inamenyuka nayo.

Kuna jambo moja ninalolipenda kupita kiasi. Seziamu ikikutana na dhahabu, ile namba tisa yenye majivuno, dhahabu inaipokea elektroni na kubaki na chaji hasi, na kinachopatikana si aloi ya kung'aa bali kampaundi isiyo na sura ya metali kabisa. Metali mbili zimeoana zikazaa kitu kisicho metali.

Elektroni hiyohiyo inayotoroka kirahisi ndiyo inayotunza saa ya dunia: tangu 1967 sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wake.

Sasa nyinyi wa fransiamu. Iko chini ya seziamu kwenye jedwali, kwa hiyo mnasema inastahili nafasi hii. Marguerite Perey aliigundua Paris mwaka 1939, na heshima zake anazo. Lakini kiini chake ni kikubwa hadi ile athari ya Einstein iliyoibana dhahabu inaibana na yenyewe: elektroni yake inashikwa kwa 4.1, si 3.9. Imeshindwa kwa namba, tena ugenini.

Hukumu: inatoa kwa kila anayeomba, na kwa wasioomba. Ukiisoma saa kwenye simu yako, mshukuru mlipuaji.

1. Florini

Wakati zile za juu zinatafuta pa kutupa elektroni, florini inatafuta wa kumpora, na haichagui. Protoni tisa, tabaka moja tu la ndani lenye elektroni mbili za kuzuia mvuto, na pengo la elektroni moja lililo karibu kabisa na kiini.

Iliwachosha watu kabla ya kukamatwa. Davy iliumiza afya yake. Mbelgiji Paulin Louyet na Mfaransa Jérôme Nicklès iliwaua. Tarehe 26 Juni 1886 Henri Moissan akaipata Paris, kwa kupitisha umeme kwenye asidi ya haidrofloriki iliyopoozwa, ndani ya chombo cha platini. Akaita wakubwa wa Akademia ya Sayansi waje waone. Siku hiyo mitambo ikagoma. Asidi aliyoandaa kwa ajili ya wageni ilikuwa safi kupita kiasi. Ile ya awali ilikuwa na chumvi ya potasiamu iliyopitisha umeme. Alipoirudishia uchafu, florini ikatoka, na mwaka 1906 Nobel ikafuata.

Mtetezi wa klorini, njoo. Unasema atomu moja ya klorini inatoa nishati zaidi inapopokea elektroni, kilojuli 349 kwa moli dhidi ya 328 za florini. Ni kweli, umesoma. Sasa rudi kwenye kigezo cha pili: nani amesimama njiani? Atomu mbili za klorini zimefungwa kwa kilojuli 243. Mbili za florini kwa 158 tu, kwa sababu ni ndogo na elektroni zao zinasukumana kwa kubanana. Naitrojeni, kumbuka, ni 945. Florini haina breki, haina koti, haina kufuli. Maji tunayozimia moto, yenyewe inayachoma na kuitoa oksijeni humo kama taka. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Vancouver, alipoonyesha kwamba zenoni inaweza kuunda kampaundi, alitumia kampaundi ya platini iliyosheheni florini. Mwaka huohuo wengine wakapasha moto zenoni na florini pamoja, na ile iliyoitwa gesi ajizi ikaoa.

Ikishapata inachotaka, haisikii la mtu. Mwaka 1938 Roy Plunkett alifungua mtungi wa gesi ya kaboni na florini, hakikutoka kitu, na uzito ulikuwa uleule. Akaukata. Ndani kulikuwa na unga mweupe, wenye utelezi, usioliwa na asidi. Ndio uliopakwa kwenye kikaango chako kisichogandisha mayai.

Huku kwetu florini ina makazi ya kudumu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, kuzunguka Arusha, Meru na hadi Nakuru, huitoa kwenye maji ikiwa floridi. Kiasi chake kidogo huimarisha meno, na dawa ya meno inacho. Mtoto akinywa maji yenye kiasi kikubwa wakati meno yanajijenga, yanatoka na madoa ya kahawia yasiyosugulika, na kikizidi zaidi mifupa nayo hupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo ukimtania mtu wa Arusha kwamba hapigi mswaki, jua umeshindwa somo la namba moja. Njia mojawapo ya kuiondoa ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwani floridi hupenda kukaa kwenye mifupa, na ni heri iwe ya ng'ombe.

Hukumu: hakuna wa kuishinda, na heli na neoni ndizo pekee zilizoitazama usoni zikapiga miayo.

Rufaa zinapokelewa. Wa oksijeni leteni gunia lenu la mkaa liwake bila kibiriti, tutazungumza. Wa neoni, nafasi ya kumi mnaweza kugawana na heli. Wa fransiamu ndio ninaowaomba waandike haraka: kila baada ya dakika 22 hivi, nusu ya mteja wenu inakuwa imeshageuka elementi nyingine.